Malalamiko Dhidi ya Mshauri Asiyetaka Kusema Nani Mkosaji

Kwa Msimamizi,
Huduma ya Ushauri wa Ndoa kwa Simu.

Ndugu Msimamizi,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Sisi huku hatujambo, na hapo ndipo shida ilipo.

Mimi ni fundi wa friji, watu huniita Fundi Baridi. Mama watoto ni mshonaji. Ugomvi wetu hauna mafumbo: friji za wateja ambao hawakurudi kuzichukua zilikuwa zimejaa sebuleni, nyingine iko kwenye korido, naye akipita kwa ubavu kama kaa. Alihamia chumba cha watoto, kisha akafunga begi la kwenda kwa dada yake. Ndipo binti yetu mkubwa alipotuunganisha na mshauri wenu. Nilikubali upesi, maana nilijua haki iko upande wangu. Lakini:

1. Siku ya kwanza tuliegemeza simu kwenye kopo la sukari. Mshauri akasema, "Baba, sikuoni. Msogelee mama." Nikasogea. "Bado, naona sikio tu." Tukabanana bega kwa bega mpaka mwisho, watu ambao tulikuwa hatukai kochi moja. Hivi mtu atamshtaki vipi mwenzake huku amemwegemea?

2. Pembeni mwa kioo cha simu mmeweka sura yangu mwenyewe. Mama watoto alipokuwa akieleza upweke wake, nikaiona: macho darini, midomo imebenuka. Nilijaribu kuirekebisha, ikawa ya mtu anayeumwa jino. Miaka yote hii anayeitazama ni yeye, mimi sikuwa na habari. Iondolewe.

3. Mshauri hunyamaza. Nilimuuliza waziwazi, "Nani mkosaji hapa?" Kimya. Nikadhani mtandao umekata, nikapanda stuli nikainua simu juu. Kumbe yupo, anasubiri tu. Kabla sijashuka, mama watoto akasema polepole, "Mimi friji sina ugomvi nazo. Ila kila mgeni akiingia anauliza hapa ni karakana au ni nyumbani kwa watu, na mimi sijui nimjibu nini." Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wenyewe ulinikuta juu ya stuli, simu bado nimeiinua.

4. Hili ndilo baya kuliko yote. Zamani nikipaza sauti naye alipaza, mlango ukabamizwa, shauri likaisha, kila mtu akalala na hasira zake kwa amani. Sasa ananiambia, "Nakusikia, mume wangu. Endelea." Nikiendelea, maneno yananiishia. Mtu akikosa wa kugombana naye hujikuta anafikiri, jambo ambalo sikuliomba. Matokeo yake, Jumamosi niliita mkokoteni, friji zote zikarudi karakana. Begi limefunguliwa. Pale sebuleni sasa kuna cherehani, na mwenyewe anashona huku akiimba. Yaani mimi mlalamikaji nimeshindwa kesi ambayo hakuna aliyeihukumu!

5. Kwa hiyo naomba mshauri atoe hukumu ya maandishi, yenye muhuri, kwamba haki ilikuwa yangu. Ikishindikana, aandike kwamba mama watoto alikosea kidogo, hata kwa jambo jingine lolote. La sivyo nitawaambia mafundi wenzangu wote waisusie huduma yenu, wakae na ndoa zao hivyo hivyo zilivyo.

Nisalimie wote hapo ofisini, na mshauri mwenyewe, bila kumsahau yule paka wake anayekatiza mbele ya kamera. Mama watoto naye anawasalimu. Haya mengine hayajui.

Ni mimi niliyedhulumiwa kwa upole,
Fundi Baridi.

Baada ya sahihi: Tafadhali kipindi chetu cha Alhamisi kisifutwe. Na hiyo hukumu iacheni tu. Ila kama mshauri ana nafasi nyingine, naomba aniweke mimi peke yangu. Ni kuhusu marehemu baba yangu, tulinuniana mpaka akafa. Mama watoto amesema siku hiyo atatoka nje ili niongee kwa nafasi, lakini hatakwenda mbali.