Mashine ya Kunusa Mzio

Kinanda aliitwa hivyo kwa sababu sauti yake ilikuwa tamu hata anapokuibia. Siku hiyo alikuwa akinyolewa, kinyozi akamdokezea kwamba mama mwenye kiwanda cha krimu anahangaika. Maduka makubwa yamekataa krimu yake mpya mpaka apate cheti kwamba haileti mzio wa ngozi, tena hawataki kusikia kwamba sungura ameguswa kwenye majaribio. Kinanda aliinuka kidevu kikiwa kimenyolewa nusu. Riziki ikibisha hodi, hungoji povu likauke.

Kesho yake akatua kiwandani na koti jeupe, amekumbatia mashine ya kubania mifuko ya plastiki, aliyoipaka rangi ya fedha na kuifungia taa mbili.

"Mama, sungura wapumzike," alisema. "Hii inanusa kemikali na kujua ngozi ya binadamu itaipokea vipi. Dakika nne tu."

Mama, mtu mzima mpole, alikuwa amekaa na mpwa wake mwenye miwani. Mpwa akauliza taratibu, "Inatumia seli za ngozi zilizooteshwa, au inaangalia kemikali inavyonata kwenye protini?"

"Vyote viwili, binti yangu. Na utaalamu wangu kidogo."

Taa ya kijani ikawaka. Kinanda akaandika cheti, akakigonga muhuri aliouchonga kwenye soli ya ndala.

"Ahsante, mwanangu," mama akasema. "Taslimu sina. Chukua katoni arobaini za krimu hiyohiyo. Nani ajuaye usalama wake kukushinda?"

Kinanda akapiga hesabu ya kuziuza sokoni. Alisaini fomu ya kupokea mzigo bila kuisoma, akapakia, akaondoka akipiga mluzi.

Muuzaji lazima ang'ae, kwa hiyo akajipaka asubuhi na jioni. Ngozi yake, iliyokuwa imemwagiwa manukato ya bei chee tangu ujana, ilivumilia siku moja. Siku ya pili uso ukawaka moto, kope zikavimba, midomo ikawa mito ya kulalia. Mteja wa kwanza akamtazama, akalichukua kopo, akamtazama tena.

"Na wewe unatumia hii?" aliuliza, akalirudisha mezani kwa vidole viwili.

Kinanda akarudi kiwandani mbio, katoni zote garini. Mpwa ndiye aliyemfungulia.

"Mimi ni mpimaji wa maabara, mjomba. Krimu hiyo tuliipima mwezi uliopita, kwenye vichupa, bila mnyama hata mmoja. Manukato yake yakafeli. Tumeshayabadilisha, krimu iliyorekebishwa imefaulu, na cheti halisi tunacho; habari ulizosikia ni za zamani."

"Kwa nini basi mlinipa hii?" Kinanda aliuliza kwa midomo iliyovimba.

"Kuteketeza mzigo mbovu ni gharama," mama alijibu kutoka ndani. "Fomu uliyosaini inasema wewe ndiye mteketezaji, kwa gharama zako. Mkaguzi anakuja Jumatatu kuona majivu."

Mpwa akamkabidhi glavu mbili za mpira.

"Vaa, mjomba. Na usijishike usoni."