Karanga Ndani ya Foronya

Jumatano, 27 Desemba
Nife kesho au mwakani, hili nisizikwe nalo: foronya yangu imejaa karanga za kukaanga. Mkamwana amezipiga marufuku nyumba nzima. Eti mjukuu wangu ana mzio. Zikimgusa tu, koo linaziba. Sherehe iliyopita ya kufunga mwaka alikula peke yake jikoni, wenzake wakishangilia keki sebuleni. Safari hii watoto wote watakula chakula kimoja. Vizuri. Ila nanusa njama! Nimefundisha sayansi hadi nikastaafu. Sijaona karanga ikimwangusha mtu. Anayewindwa hapa ni mimi.

Alhamisi, 28 Desemba
Mkamwana kaja kutandika. Nikajitupa juu ya mto nikiugua kwa sauti. Akasema pole baba, mto huo nitauanika baadaye. Mto! Nani kamwambia? Namshuku jirani muoka keki. Anatabasamu mno. Karanga nimezihamishia kwenye soksi. Safi.

Ijumaa, 29 Desemba
Mjukuu kauliza mbona chumba changu kinanukia hivi. Nikasema dawa ya mgongo. Akanipa pole, maskini. Kwetu mkubwa wa nyumba ndiye hulisha kipande cha kwanza cha keki. Kaniomba kesho nimlishe yeye. Mwaka jana, alisema, mimi nilisikia makofi tu, babu.

Jumamosi, 30 Desemba
Balaa! Kabla ya kuitwa nilitafuna konzi moja, nipate nguvu ya kusimama. Mlangoni mkamwana akaamuru kila mtu anawe kwa sabuni. Mimi? Mzee mzima? Nikachovya ncha za vidole, basi. Nikamlisha mjukuu. Makofi! Mara midomo ikavimba, pumzi ikapiga mluzi. Mama yake akamdunga sindano pajani, wakakimbilia hospitali. Nikapaza sauti kwamba keki ikaguliwe! Muoka keki akaapa hakutia kitu, huku akilia. Machozi ya mamba, nikasema.

Jumapili, 31 Desemba
Mjukuu karudi mzima, anadai keki yake. Mkamwana kasema muoka keki hatakanyaga tena hapa. Nikaitikia kwa kichwa, kwa busara. Lakini usingizi umegoma. Kesho nitamwambia mkamwana. Au keshokutwa, mgongo ukiruhusu. Kwa leo naandika: keki haikuwa na hatia. Ni vidole vyangu, hivi hivi vinavyoupaka ukurasa huu chumvi na maganda.