Upinde wa Chuma Uliomtoa Mama Mkwe Hofu

Kwa Ndugu Mkaguzi wa Magari,
Kituo cha Ukaguzi.

Yah: OMBI LA KUONDOLEWA UPINDE WA CHUMA KWENYE GARI LANGU, KWA KUWA UMEFANYA KAZI YAKE

Ndugu Mkaguzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, tena umekaa, maana ina urefu kidogo. Mimi ni yule kinyozi mwenye gari jekundu la spoti, la zamani, la viti viwili, lisilo na paa. Nililirithi kwa mjomba, ambaye alilipenda kuliko wachumba wake wote, na ndiyo sababu alikufa bila mke. Utanikumbuka. Ulininyima kibali mbele za watu.

Siku ile uliniketisha garini, ukalaza ufito kutoka ukingo wa kioo cha mbele hadi juu ya buti. Kichwa changu kikauzidi ufito. Ukasema, "Kinyozi, gari hili likipinduka, kitakachotangulia kufika chini ni utosi wako." Nikakujibu kwamba sina mpango wa kupinduka. Ukanijibu kwamba hakuna anayekuwa nao. Waliokuwa kwenye foleni wakacheka, na mmoja wao ni mteja wangu.

Ukaniagiza niweke upinde wa chuma unaopita juu ya vichwa, nami nikakubali kwa shingo upande. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni fundi wa kuchomelea. Akakunja bomba nene la chuma, akalisimamisha nyuma ya viti, akalifunga sakafuni kwa mabamba na kulitia mihimili miwili ya kulishikilia kwa nyuma, kama ulivyoagiza. Ukanipa kibali. Tangu hapo sijaona raha, na sababu zangu ni hizi:

1. Sura ya gari. Zamani watu wa mtaa waliliita Kidani. Sasa wanaliita Kikapu, kwa sababu limepata mpini. Nikiliegesha mbele ya kibanda changu cha kunyolea, wapita njia wananiuliza leo nimebeba nini. Mwuza nyanya wa jirani, mtu mwenye heshima zake, alitaka kujua kama vipo vikubwa zaidi.

2. Mgongo wangu. Nilizoea kuendesha nimejilaza nyuma, kama mteja anayengoja kunyolewa ndevu. Sasa kiti kinagota kwenye chuma, nami naendesha nimenyooka kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Halafu mke wangu ameuvika upinde sponji ya godoro kuukuu, eti kichwa kisigonge chuma kitupu. Nakubali kwamba hilo nalo uliliagiza wewe. Lakini wewe hukutaja kitambaa cha pazia chenye maua.

3. Mama mkwe. Kabla ya upinde huu, mama hakuwahi kuingia kwenye gari langu. Alilitazama kwa mbali na kusema, "Mimi sipandi sahani." Ndugu Mkaguzi, sina neno baya juu ya mama aliyenizalia mke. Ni mwema, ananipenda, ila mapenzi yake huja kwa njia ya masahihisho. Hata kupiga chafya amewahi kunielekeza. Garini ndipo masikio yangu yalipokuwa yakipumzika.

Shemeji alipomaliza kazi, mama alikuja kuona alichofanya mwanawe. Akaushika upinde kwa mikono miwili, akautikisa, kisha akajining'iniza kidogo. Gari lilitikisika, upinde haukutikisika. Akasema, "Hiki kimekaa." Akafungua mlango, akaketi, akafunga mkanda, akaniuliza nangoja nini.

4. Ajali. Nilikuwa nampeleka kuchukua miwani yake mipya. Tulipokuwa tunashuka mteremko wa kiwanda cha matofali, akaanza kunieleza jinsi mkwe wake mwingine, mume wa dada wa mke wangu, anavyoendesha taratibu kama mtu mzima. Neno hilo halikuishia sikioni, lilishuka mpaka mguuni, nikakanyaga mafuta. Kwenye kona lori lilikuwa limemwaga kokoto. Gari likaenda kiubavu, gurudumu likagonga ukingo wa mtaro, dunia ikageuka.

Hapa nitasema bila mzaha. Kelele zilikatika ghafla. Tulikuwa tumening'inia kwenye mikanda, miguu juu, vumbi tele. Kioo cha mbele kilikuwa kimelala bapa. Kati ya nywele zangu na ardhi palibaki nafasi ya kupitisha kitana. Sikumsikia mama. Niliita "Mama!" kwa sauti ambayo sikujua kuwa ninayo. Nikawaza nitamwambia nini mke wangu.

Ndipo ikatoka sauti kando yangu, imetulia kama ya mtu aliye sebuleni: "Mkwe, zima gari kwanza."

Nikazima.

"Haya. Sasa tunashukia wapi?"

Wafyatua matofali walikuja mbio, wakaliinua gari upande mmoja, tukatambaa nje. Mama alikuwa amechubuka kiwiko, mimi nimeteguka kidole. Upinde ulikuwa umeparuzika rangi, basi. Niliketi kando ya mtaro nikalia kama mtoto, na mama akanifuta uso kwa ncha ya mtandio wake, huku akinieleza kwamba wanaume wengine hulia kwa utaratibu zaidi.

5. Yaliyofuata, ambayo ndiyo kiini cha malalamiko yangu. Ndugu Mkaguzi, mimi nilitoka mle nikiwa na hofu mpya. Mama alitoka hana hata ile ya zamani. Kwa hesabu yake, jambo baya kuliko yote limeshatokea na halikumfanya kitu, kwa hiyo hakuna sababu ya kwenda kwa miguu tena. Tangu gari litoke kwa fundi, kila asubuhi namkuta ameshafunga mkanda. Sokoni Kikapu, msibani Kikapu. Hofu yake ndiyo iliyokuwa ukuta wa nyumba yangu, nawe umeubomoa kwa bomba la chuma.

6. Amewasimulia wenzake. Sasa akina mama wanakuja kwenye kibanda changu cha kunyolea, wanakalia viti vya wateja wakisubiri zamu ya kupandishwa garini. Wanaume wenye ndevu wanarudi nyumbani na ndevu zao. Jambo hili litaiharibu sura ya mtaa mzima.

7. Kwenye sala zake za jioni anaanza kukuombea wewe, anafuata mwanawe aliyechomelea, halafu upinde wenyewe. Mimi niliyekuwa dereva natajwa baada ya mume wa dada wa mke wangu, ambaye siku ile hakuwepo.

Kutokana na hayo, naomba uamuru upinde uondolewe. Ukiona hilo ni kubwa, naomba ukatwe katikati: upande wa dereva ubaki, upande wa abiria utolewe, kwa sababu utosi wangu nimeshauonea huruma. Ukiona hata hilo haliwezekani, basi weka bango rasmi garini lisemalo kuwa kifaa hiki kimethibitishwa kwa watu wote isipokuwa wakwe. Na kama sheria haina nafasi kwa lolote kati ya haya, mpe mama kazi hapo kituoni. Jicho la kasoro analo, na ndani ya wiki moja utakuwa umejua namna bora ya kushika ufito.

Nisalimie wafanyakazi wenzako, nyumbani kwako, watoto, na mama mkwe wako ikiwa unaye na anasafiri.

Ni mimi raia mtiifu, mwenye fuvu zima na kinyongo kizima,

Kinyozi.

Nyongeza: Nilikuwa nabandika stempu niliporusha jicho nje. Mama ameshaketi garini, tayari kwenda kwa dada yake. Amejiwekea mto mnene chini ili aione barabara vizuri, na sasa kichwa chake kimepita juu ya upinde. Nimekataa kuwasha gari. Nimemsihi autoe mto, hataki. Nimefoka, kwa mara ya kwanza tangu nioe, naye amenitazama kwa mshangao, kisha akatabasamu na kubaki palepale. Shemeji yuko njiani na mashine yake kuja kuurefusha upinde, na nimemwambia aanze na upande wa abiria. Tafadhali puuza yote niliyoandika huko juu, uniambie tu sheria inaruhusu urefu gani. Nijibu upesi, maana mama hashuki, na mimi siendi popote kichwa chake kikiwa nje.