Mwalimu Vedasto na Majibu ya Mtihani wa Matangi

Vedasto alikuwa na leseni halali ya lori, na hicho kilikuwa karibu kitu pekee halali mfukoni mwake. Lori lenyewe hakuliendesha. Yeye alipenda kazi za mdomo. Jumapili hiyo alikuwa amefuata sambusa tu kwenye ukumbi wa Wakongo kule Hallunda, huko ughaibuni, baada ya ibada, mara akasikia neno lililomfanya aache kutafuna.

Madereva walikuwa wanalalamika. Kampuni yao ilikuwa imewaandikisha kozi ya kubeba mafuta, maana anayeendesha lori la tangi analipwa vizuri kuliko anayebeba mbao. Tatizo ni mtihani. Usipofaulu, tangi utaliona likikupita barabarani.

"Poleni, ndugu zangu," Vedasto alisema, akifuta vidole kwa utulivu wa askofu. "Mnateseka bure. Majibu ninayo."

"Majibu gani?" aliuliza Laurentine, dereva mwenzao kutoka Bukavu, mwanamama aliyeongoza kila kitu pale, kuanzia kwaya hadi misiba.

"Yote, mama. Nina mtu wangu ndani. Na mimi mwenyewe nimeendesha matangi, Dar hadi Lubumbashi, barabara safi, unafika, unashusha, unarudi!"

Ukweli ni kwamba tangi pekee alilolifahamu lilikuwa la maji, kwa shangazi yake Bukoba.

"Unataka nini?" aliuliza Gilles, mdogo wake Laurentine.

Vedasto alichungulia dirishani. Nje iliegeshwa Volvo nyekundu ya Gilles, inang'aa kama imetoka dukani leo. Moyo ukamruka. Kwa gari lile angefika Malmö, mwisho wa nchi, kabla mtihani haujasahihishwa.

"Pesa sitaki, nisije nikaitwa tapeli. Nipeni ile Volvo."

Gilles alimtazama dada yake. Laurentine alikubali upesi, upesi mno, lakini Vedasto hakuliona hilo, macho yake yalikuwa kwenye magurudumu.

"Bon, mwalimu," Laurentine alisema. "Lakini kwetu kitu bila komite haiendake."

Chai haijapoa, komite ikawa imepata mwenyekiti, katibu na mhazini, na imekwisha kupitisha maazimio. Gari litaandikishwa kwa jina la Vedasto mara moja, ila ufunguo utakaa kwa mhazini hadi wote wafaulu. Majibu yataelezwa moja moja, jioni, nyumbani kwa Laurentine huko Rissne. Na kwa kuwa kozini imebaki nafasi moja, mwalimu ataingia mtihanini pamoja na wanafunzi wake. Vedasto alisaini karatasi za gari kwa madaha. Mengine angeyakwepa baadaye.

Somo la kwanza lilimtoa jasho.

"Swali la tatu, jibu ni B," alitangaza.

"Juu ya nini B?" Laurentine aliuliza.

"Kwa sababu... B ndiyo yenyewe."

"Komite haijatosheka, mwalimu."

Ikabidi aazime kitabu cha kozi. Alikisoma kwenye treni kutoka kwake Akalla hadi akapitiliza kituo cha kubadilisha treni. Akajifunza kwamba tangi lililojaa nusu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ukikanyaga breki mafuta yanakimbilia mbele na kulisukuma lori. Ili kuwaonyesha, alibeba sufuria ya sombe, kisamvu cha Kikongo, iliyojaa nusu, akakimbia nayo sebuleni, akasimama ghafla. Zulia la Laurentine halijapona hadi leo, lakini swali hilo hakuna aliyelikosa.

Wote walifaulu. Vedasto pia. Aliposoma jina lake alifurahi kwa dhati, furaha isiyo na hila ndani yake, akaona aibu kidogo na kutazama huku na huku kama kuna aliyemwona.

Komite ilimkabidhi ufunguo kwa nyimbo na vigelegele. Akaketi, akawasha. Injini ikaitika vizuri kabisa.

"Mwalimu, usitoke nayo," Gilles alisema dirishani. "Iko na körförbud."

"Nini?"

"Imeanguka kwa ukaguzi. Ni marufuku barabarani. Juu ni rangi mupya, chini yote imeoza."

Vedasto alizima injini. "Mama Laurentine, na wewe ulijua?"

"Mwalimu, baba yetu alikuwa dereva wa Lubumbashi. Dereva wa kweli, hata ukimuuliza habari ya mke wake, anakuanzia na foleni ya malori pale mpaka wa Kasumbalesa. Weye ulisema unafika, unashusha, unarudi! Nikajua huyu ni muongo mutupu."

"Sasa kwa nini mkanikubali?"

"Tulitafuta mutu wa kutusomea kitabu pole pole. Watu wa kweli wote wako kazini. Muongo ndiye iko na muda."

Wakacheka hadi mhazini akashika mbavu, na Vedasto, kwa mshangao wake, akacheka nao. Kisha akakumbuka. "Basi chukueni gari lenu."

"Letu?" Gilles alisema. "Iko kwa jina yako. Mimi nilitafuta mutu wa kuichukua tangu mwaka jana. Na hapa inaposimama, faini inaanza kesho."

"Litavutwa kwa pesa gani? Sina kitu!"

Laurentine alimpigapiga begani, kwa upendo, kama mtu anayemfunga mtoto vifungo vya shati.

"Kampuni yetu inatafuta dereva mumoja zaidi wa tangi, mwenye cheti. Komite imeshapeleka jina yako."