Sanduku Lililovuliwa Kofia

Leo nimepeleka mazishi harusini.

Maiti hakuwepo. (Ngojeni.) Lakini watu wapata thelathini walinifuata wakiimba wimbo wa wafu, na wote tukaingia kwenye ua wa bibi harusi katikati ya vigelegele. Ninawaandikia ninyi, ndugu zangu wa Jadotville, kabla hamjaisikia habari hii kwa watu wa treni. Wao wataongeza chumvi. Mimi nitaisema kama ilivyotokea, ingawa mnavyonijua ningependa kuipunguza.

Kosa lilianza na kutafuta mfuko wa kamera.

Mnaijua kamera yangu: ya mbao, kubwa, na miguu yake mitatu, lenzi mbili, vioo kumi na viwili vya kupigia picha, na kile kitambaa cheusi ninachojifunika kichwa. Nilianza kuvibeba kwa valizi ya ngozi. Mvua za Januari zikaiotesha ukungu kama mkate uliosahauliwa. Nikahamia sanduku la bati. Mwezi wa kumi, kwa jua lile, likawa jiko. Kisha mjomba wa mke wangu akaniletea kikapu kutoka Kasenga, chepesi, chenye mfuniko wake, kizuri kabisa. Kilikuwa cha samaki. Siku niliyompiga picha katekista, paka wanne walikuja kukaa mbele ya kamera. Paka wametoka vizuri. Katekista ametoka amenuna.

Basi nikaenda kwa seremala wa hapa Kamalondo, nikamweleza hatua kwa hatua. Sanduku liwe refu kiasi, ile miguu mitatu ilale. Lipakwe rangi nyeupe, maana nyeupe haishiki jua. Ndani liwekwe pamba, vioo visipasuke. Vishikio viwe pande zote mbili, libebwe na watu wawili.

Seremala aliweka randa yake chini.

"Tata, iko ya nani?"

"Iko yangu mwenyewe."

Akanipima kwa macho toka kichwani mpaka viatuni. "Haitakutosha."

Nilidhani anasema juu ya vifaa. "Itatosha," nikamwambia. "Nitapanga muzuri." (Sasa ninaelewa kwa nini alinishika mkono kwa mikono miwili nilipoondoka.)

Jana nilikwenda kulichukua. Juu ya pamba nikaweka satini nyeupe niliyopewa na fundi wa nguo, mabaki ya gauni. Vumbi la kiangazi hiki mnalijua, kwa hiyo nikafunga mfuniko kwa mikanda miwili myeusi: mmoja wa kwenda chini, mmoja wa kukata katikati. Nikamwita mke wangu, Véro, aone.

Alilizunguka mara mbili. "Célestin, iko muzuri. Iko muzuri sana. Lakini haikukumbushe kintu?"

"Inanikumbusha Ulaya," nikasema.

(Sijawahi kufika Ulaya.)

Leo ndiyo ilikuwa harusi. Lakini bibi harusi, Marceline, alikuwa ameniambia mapema kwamba picha yake na bwana harusi si haraka, wao wapo. Picha aliyoitaka ni ya bibi yake, ambaye kila mtu pale anamwita Nkambo. Ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Nkambo hajapigwa picha hata siku moja maishani, na macho yake yanazidi kufifia. Amekuja kutoka Kasenga juu ya kamyo, lori la samaki, na kamyo hiyo ilikuwa irudi leo saa kumi kamili. "Akienda bila picha," Marceline aliniambia, "sijui kama atarudi."

Saa nane tukatoka nyumbani. Mimi nilishika kishikio cha mbele, ndani ya suti nyeusi, kwa heshima ya harusi. Véro alishika cha nyuma. Ana mafua ya vumbi tangu Jumatatu, kwa hiyo kila baada ya hatua kumi alikuwa akijifuta macho kwa kitambaa. Nami nilikuwa nikimwambia, "Polepole, Véro. Tusimtikise." Ndivyo ninavyosema juu ya kamera. Kwangu mimi kamera ni mtu.

Kwenye kona ya mafundi wa nguo, mwanamume mmoja alisimama akavua kofia.

Mbele kidogo, mwingine. Kisha mwenye baiskeli akashuka, akasimama wima kama askari mpaka tukapita. Nikawaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mkubwa fulani.

"Unaona?" nikamnong'oneza Véro. "Sanduku muzuri inamupatia muntu heshima."

Véro akapiga chafya. Mashine za kushonea zikanyamaza mtaa mzima.

Hapo ndipo mwanamke mmoja alipotoka kando ya njia. Alikuwa na kitambaa cha buluu kichwani, wa makamo, mwembamba. Hakuuliza kitu. Aliweka mkono wake juu ya sanduku, akaanza kutembea nasi.

"Mutoto hazikwe na bantu babili tu," akasema.

Nikageuka. Nyuma ya Véro kulikuwa na watu kama ishirini, nao walikuwa wakiongezeka. Mzee mmoja alikuwa ameshaanzisha wimbo.

Nikalitazama sanduku. Jeupe. Dogo. Lina msalaba mweusi juu.

Jamani.

Niliikusanya sauti yangu. "Mama, pardon. Humu ndani hamuna..."

"Najua, baba. Hamuna tena. Amekwisha kwenda." Akanipapasa bega. Kisha akasema polepole, bila kunitazama: "Wangu tulimuzika babili. Miye na mwenye kuchimba."

Haya, niambieni ninyi mlio hodari. Baada ya neno hilo, nani angefungua kinywa aseme ni kamera? Mimi sikuweza. Nilitembea. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi, na watu wakaona jasho lile wakazidi kunihurumia.

Tulipofika njia panda, nikakata kushoto.

"Makaburi iko uku!" mtu akapaza sauti.

"Acha," mzee wa wimbo akamjibu. "Bantu ba kwabo banapitishaka maiti kwanza kwa jamaa. Njo desturi yabo." (Kwetu hakuna desturi hiyo. Leo imezaliwa.)

Nilisikia vigelegele kabla sijauona ua. Nao walisikia wimbo wetu. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja, kama taa zinazozimwa. Mjomba wa bwana harusi akaja langoni, mikono juu.

"Nani anatuletea kifo siku ya ndoa? Nani?"

Nyuma yake nilimwona Marceline katika gauni lake, mkono mdomoni. Kando, barabarani, kamyo ilikuwa tayari inanguruma, na Nkambo alikuwa amesimama na kifurushi chake, mguu mmoja kwenye ngazi.

"Célestin," Véro akasema kwa pua iliyoziba. "Fungua."

Tukaliweka sanduku chini. Akina mama wakashika vichwa. Mzee wa wimbo akafumba macho. Nikafungua mikanda, nikainua mfuniko.

Kamera yangu ilikuwa imelala juu ya satini, imefunikwa kitambaa cheusi hadi kidevuni. (Nasema kidevuni. Mngeiona nanyi mngesema hivyo.) Lenzi ilikuwa ikitutazama sisi sote.



Nkambo akashuka kwenye ngazi. Akasogea, akainama karibu kabisa, kwa yale macho yake.

"Maskini," akasema. "Na jicho moja tu."

Mjomba ndiye aliyeanguka kwanza kwa kicheko. Kisha ua wote. Mzee wa wimbo alicheka mpaka akakaa juu ya mfuniko wangu. Mimi nilitamani kuingia ndani ya sanduku nijifunike satini. (Halitoshi. Seremala alisema.)

Dereva akapiga honi. Nkambo akamtishia kwa fimbo, akaketi kwenye kiti. Nilipotaka kuwaondoa waombolezaji pembeni, akanizuia.

"Bantu bamekuya na muguu mpaka hapa, hata picha hapana? Baingie bote!"

Wakaingia wote: Marceline amempigia Nkambo magoti, mzee wa wimbo kando ya bwana harusi, mwenye baiskeli na baiskeli yake. Nikapiga vioo viwili. Saa kumi na robo kamyo ikaondoka, huku Nkambo akipunga mkono juu ya magunia.

Nilipogeuka, mwanamke wa kitambaa cha buluu alikuwa amechuchumaa mbele ya sanduku langu tupu. Alikuwa akinyoosha satini kwa kiganja. Akarudisha mfuniko bila kelele, akainuka.

"Aksanti, baba," akaniambia.

Mimi ndiye niliyepaswa kuomba msamaha. Kabla sijauomba, akatoka langoni. Hakungoja chakula. Nimeuliza ua mzima: kila mtu alidhani ni wa upande mwingine.

Picha sasa zinakauka kwenye kamba. Nkambo ametoka vizuri mno. Yule mwanamke yuko mwisho kushoto, anatazama kamera moja kwa moja, na nimemtolea nakala yake.

Chekeni, nimewaruhusu. Véro amenunua rangi ya kijani, anataka nilipake sanduku kesho asubuhi. Nimemwambia angoje. Kesho saa nane nitapita tena kona ya mafundi, nalo likiwa jeupe hivyo hivyo, huenda yule mwanamke akalitambua, achukue nakala yake. Wakivua kofia, wavue.