Vita vya Phelista na Nundu ya Kidole Gumba

Kusanyikeni, enyi mnaotembea na enyi mnaochechemea. Wenye viatu vya kubana wapewe viti vya mbele, maana habari hii ni yao. Sikieni vita vikuu alivyopigana Phelista wa Bokoli, karani wa Bungoma, mwenyekiti wa akina mama kanisani, mwanamke ambaye faili zilipomwona zilijipanga zenyewe. Alivyopigana, nasema, na adui aliyepiga kambi ubavuni mwa kidole gumba cha mguu wake wa kulia.

Adui huyo alikuwa nundu ya mfupa, ngumu, nyekundu, yenye kiburi. Wala hakuvamia ghafla. Kwa miaka ishirini Phelista mwenyewe alimfungulia lango, akiisokomeza miguu yake mipana katika viatu vyenye ncha kama mkuki, hata kidole gumba kikawaegemea wenzake kama mlevi, na mfupa ukatokeza nje kutafuta hewa.

Angevumilia mpaka kaburini, lakini mwanawe Derrick alimchumbia Kui wa Kitale, na yakabaki majuma manne kabla ya kwenda kujitambulisha kwa wakwe. Huko alikuwako Gathoni, mama wa binti, mfanyabiashara wa mahindi wa Moi's Bridge, ambaye sifa za mwendo wake wa madaha zilifika Bungoma kabla yake. Kuingia kwa Gathoni ukichechemea? Afadhali mvua ikose mwaka mzima!

Kisu cha daktari alikikataa. "Wangila, mume wangu," akanena, amesimama kwa mguu mmoja jikoni, "mguu huu ulinileta kwako ukiwa mzima, na mzima utabaki! Nitayaita majeshi yote yasiyoshika kisu, niyapime moja baada ya jingine, na litakaloshinda nitalivika taji!"

"Si ununue tu viatu vipana, Mama Derrick?" akasema Wangila, akikoroga chai.

"Vipana? Ati nionekane kama askari wa zamu? Wachana na mimi, bana."

Basi akafungua daftari, akachora safu, maumivu yakipimwa kwa alama kumi. Kikatangulia kipande cha mpira laini cha kutenganisha vidole. Ndani ya kiatu chenye ncha, ambamo vidole vitano viligombea nafasi ya vitatu, mgeni huyu wa sita aliwasha moto: alama tisa. Likafuata gango la kulalia, lenye mikanda na vifungo. Kidole kilinyooka usiku kucha kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu, na kabla chai ya asubuhi haijachemka kikarudi kilikozoea. Wangila, aliyepigwa teke na gango hilo mara mbili, alitoa alama zake mwenyewe. Maji ya barafu yalituliza uvimbe, ila ni nani awezaye kuongoza kikao cha akina mama mguu ukiwa ndani ya karai? Ikaja krimu ya mtandaoni, ambayo muuzaji aliapa ingeyeyusha mfupa kwa siku saba. Haikuyeyusha kitu ila rangi ya soksi.

Ndipo akamwendea Pauline, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akamsomea daftari lote kwa sauti ya bunge. Pauline akasikiliza hadi mwisho, kisha akauacha mguu, akainua kiatu.

"Mama, hakuna hata kimoja hapa kitarudisha mfupa mahali pake. Vingine vinapunguza uchungu tu, na hiyo krimu hata hiyo kazi haifanyi. Haka kampira ni kazuri, lakini kanataka nafasi. Umejaribu kila kitu isipokuwa kuacha hiki."

Uso wa Phelista ukamwaka, kwa sababu neno hilo alikuwa amelisikia bure, nyumbani, kwa mtu aliyekuwa akikoroga chai.

Akanunua viatu vipana, vyeusi, vya mviringo mbele, akaweka kampira kati ya vidole, akatembea hadi sokoni na kurudi. Daftarini akaandika mbili. Akaifuta, akaiandika tena, kisha akalia kidogo, maana alikuwa amesahau kwamba mtu anaweza kufika mahali bila kuhesabu hatua. Wangila hakuambiwa neno. Ndivyo walivyo majemadari.

Siku ikawadia. Kutoka lango la Gathoni hadi hemani palitandazwa kokoto, na juu ya kokoto hizo Phelista alipita kichwa juu, akiongoza wimbo, wakwe wakipiga vigelegele. Gathoni alimngojea mwishoni, viatu vyake vimechongoka, mkono mmoja umeng'ang'ania nguzo ya hema. Akamkumbatia, akamnong'oneza:

"Karibu sana, Mama Derrick. Lakini niambie ukweli, hivyo viatu ulitoa wapi? Mimi hapa nakufa."

Wazee wakaketi, wasemaji wakakohoa, mama wawili hawaonekani. Walikuwa nyuma ya jikoni, juu ya magunia ya mahindi, soksi chini, miguu miwili ya kulia imewekwa sambamba, nundu kwa nundu.

"Yako ni kubwa," Gathoni akakiri hatimaye. "Hii yangu ni mtoto."

Naam, na iandikwe kwamba saa sita na robo mchana, katika nchi ya Kitale, Phelista wa Bokoli alishinda bila kumwaga damu. Adui hakupungua hata unywele. Alipewa nafasi tu, akanyamaza. Nao wazee wa koo mbili, waliposikia kicheko kikitoka nyuma ya jikoni, wakaandika katika kumbukumbu zao kwamba mazungumzo yameanza vyema.