Pikapu Iliyoajiriwa Kenyenya

"Wananchi wa Kenyenya na viunga vyake, mnafahamishwa kwa furaha kubwa, na kwa mujibu wa kanuni zilizopo, kwamba pikapu ya Idara ya Uhamaji wa Huduma imeajiriwa leo kwa masharti ya kudumu, pamoja na haki zote za likizo, matibabu na pensheni."

Ndivyo alivyotangaza Bwana Nyakundi, Naibu Mkurugenzi wa Idara, asubuhi ya Jumatatu, kipaza sauti mkononi na tai imemkaba shingo. Watu waliokuwa wakielekea sokoni na mikungu ya ndizi walisimama kidogo, wakapiga makofi, wakaendelea na safari. Kenyenya imezoea kutangaziwa mambo, na makofi hayana gharama.

Usicheke. Jambo lenyewe lilikuwa na akili, na Nyakundi alikuwa amekosa usingizi kwa ajili yake. Pikapu ile ilirithiwa kutoka wizara ya zamani, enzi ambazo kaunti hazijazaliwa. Ndiyo iliyopeleka dawa za ng'ombe, mbegu, na mara nyingi akina mama waliobanwa na uchungu wa uzazi. Wenyeji waliiita Omogaka, yaani mzee, na hawakuwa wakitania. Ilikohoa sana kabla ya kuwaka, ilimwaga maji njia nzima, na breki zake zilikuwa za kuombewa.

Kuitengeneza sasa ndiyo ilikuwa kazi. Fungu la matengenezo lilikuwa limefungwa. Makao makuu yalisema halitafunguliwa mpaka kamati iamue gari huanza kuitwa kuukuu likiwa na umri gani, na kamati haikuweza kukutana kwa sababu gari la kuwakusanya wanakamati lilikuwa kuukuu. Fungu la matibabu ya wafanyakazi, kwa upande mwingine, lilikuwa limejaa pomoni. Wafanyakazi wa idara walikuwa wazima wote, maana hawakuwa na kazi ya kuwaumiza.

Nyakundi alitazama fungu hili, akatazama lile, akamwita Jacinta, karani wa wafanyakazi.

"Jina?" Jacinta aliuliza, kalamu tayari.

"Omogaka."

"La pili?"

Nyakundi alifikiri. "Pikapu."

"Omogaka Pikapu. Jinsia?"

"Ah, Jacinta! Si nimekwambia ni mzee? Andika mwanamume."

"Dini?"

Hapo Nyakundi alikwama. Duncan, dereva, aliyekuwa ameegemea mlango, akamwokoa. "Bosi, huyu Jumamosi hawaki. Hata umsukume mpaka Ogembo, ati awake? Wapi!"

"Basi ni Msabato," Jacinta akasema, akaandika. Yeye ni Mkatoliki, na uso wake ulionyesha kwamba aliona kanisa limepoteza mtu mzuri. "Na tarehe ya kuanza kazi? Niweke leo?"

"Weka ile aliyonunuliwa," Nyakundi alisema kwa moyo mweupe. "Tusimdhulumu mzee wa watu miaka yake."

Ili wakaguzi wakija wasipate la kusema, Nyakundi aliandika pia Mwongozo wa Adabu na kuubandika ukutani. Ni marufuku kumwita Omogaka gari. Ni marufuku kumpiga teke magurudumu, kumbamizia mlango au kumkalia boneti. Omogaka ni mfanyakazi, na mfanyakazi ana utu. Duncan aliusoma wote akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akapewa onyo la maandishi.

Baada ya hapo matibabu yalianza kwa kasi. Mgonjwa alipelekwa Ogembo kwa Ondieki, mwenye gereji ya mabati kando ya barabara.

"Bosi, mimi ni fundi," Ondieki alisema alipoona barua ya rufaa.

"Kuanzia leo wewe ni mtaalamu wa maradhi ya ndani."

"Sawa. Huyu mtaalamu anataka rejeta mpya."

"Andika figo."

Figo ikabadilishwa. Zikafuata shokamzoba, ambazo kwenye cheti ziliitwa magoti, na taa za mbele zilizopitishwa kama miwani ya kusomea. Matairi yalikuwa viatu maalumu kwa mgonjwa mwenye miguu dhaifu. Breki ziliwasumbua kidogo, kwa sababu hakuna aliyejua zinaingia wapi katika mwili wa binadamu, hadi Jacinta akapendekeza ziitwe dhamiri. Makao makuu yalirudisha fomu hiyo yakisema watumishi wa umma hawana kiungo hicho. Ikaandikwa misuli ya paja, ikapita.

Mwisho wake ilikuwa injini. Ile ya zamani Ondieki aliitazama, akaifunika kwa gunia na kuvua kofia. Nyingine ilipatikana Nyaramba, katika gari lililogongwa kwa nyuma likabaki zima mbele. Wakaiita kupandikiza moyo. Idara nzima ilikuja kumwona mgonjwa Ogembo, wakamletea ndizi mbivu na chai kwenye chupa, na kwa kuwa mgonjwa hakuwa na hamu ya kula, walimsaidia.

Omogaka alitoka gereji akiwa kijana. Alipanda milima bila kukohoa. Mama mmoja alifikishwa hospitalini kabla ya mtoto kuzaliwa, jambo ambalo idara haikuwahi kulifanikisha, na mtoto akaitwa Pikapu na baba yake. Nyakundi alipokea pongezi hizo zote kwa niaba ya uongozi.

Sasa nikwambie ukweli kuhusu Nyakundi, kwa sababu ukimwona na tai yake utadhani hana kidonda. Mtu huyu alikuwa amekuwa naibu mpaka amechoka. Alikuwa naibu alipomwoa Kemuma, akawa naibu watoto walipozaliwa, na bado alikuwa naibu walipoanza sekondari. Kila Krismasi, wakienda kwa wakwe zake juu ya Ogembo, mama mkwe wake, Mama Nyanchoka, alimuuliza swali lile lile, tena mbele ya watu: "Na huyo mkurugenzi mwenyewe, mkwe wangu, tutamwona lini?" Na kwa chinsoni, ile heshima ya kwetu kati ya mtu na mama mkwe wake, humtazami machoni, humjibu kwa ukali, wala hubanani naye kwenye kiti kimoja. Basi Nyakundi aliinamisha kichwa kila Krismasi. Ilimuuma. Ilimuuma kuliko alivyowahi kukubali, hata kwa Kemuma.

Kwa hiyo mkurugenzi alipostaafu, Nyakundi hakungoja. Alituma salamu Ogembo siku iyo hiyo: Jumapili ya mwisho wa mwezi, mkurugenzi atakuja nyumbani. Wakwe wakafunga mbuzi na kukodi hema.

Jopo la uajiri lilitoka makao makuu, watu watatu, likiongozwa na Bi Beverlyne, mwanamke mpole aliyekuwa hapandishi sauti hata kidogo. Kwa kanuni, kila mfanyakazi wa kudumu wa idara alihesabika kuwa mwombaji. Nyakundi alihojiwa kwanza. Alieleza maono yake, dhamira yake, nguzo zake kuu na mkakati wake wa kuhuisha mikakati. Aliahidi mambo mengi mpaka mwanajopo mmoja akaishiwa na karatasi. Halafu jopo likatoka nje uwanjani, likakaa nusu saa, likarudi.

"Tumeshaamua," alisema Bi Beverlyne. "Ukurugenzi tumempa Bwana Omogaka Pikapu."

Nyakundi alitabasamu, akidhani amesikia vibaya. Hakuwa amesikia vibaya.

"Ndiye mwenye utumishi mrefu kuliko wote hapa. Hajawahi kuomba likizo. Hana kesi ya nidhamu. Siku ambazo hakuja kazini, ana cheti cha daktari, na vyeti vyenyewe umevitia sahihi wewe."

"Bi mkubwa, kuna jambo dogo tu." Nyakundi alichungulia dirishani. Duncan alikuwa akimpangusa mkurugenzi mpya kioo. "Huyu... huyu hakusoma sana."

"Tulimuuliza. Hakudai kwamba ana digrii. Watu wa namna hiyo tunawatafuta sana siku hizi."

"Lakini haongei!"

"Tumemhoji nusu saa nzima, na hakutuahidi kitu hata kimoja. Mwenzangu hapa alitokwa na machozi."

Mwenzake alitikisa kichwa kukubali.

"Lakini, haki ya Mungu, ni gari!" Nyakundi alilipuka.

Bi Beverlyne alivua miwani yake taratibu, akaifuta, akaivaa tena.

"Bwana Nyakundi. Kwanza, umevunja Mwongozo wa Adabu ulioandika mwenyewe, uko pale ukutani. Pili, kama ni gari, basi kuna mtu aliajiri mfanyakazi hewa, akamtibu kwa fungu la serikali hadi akampandikiza moyo. Mtu huyo tungependa sana kumjua. Umesema ni nini?"

Nyakundi aliona hema la Ogembo, akaona na rumande ya Kisii, akachagua.

"Nilikuwa nasema anastahili," alijibu. "Nampongeza mzee."

Wiki iliyofuata Duncan aliombwa kumwendesha naibu hadi Nyamache kwa mkutano. Nyakundi alifungua mlango wa mbele, na Jacinta akatoka mbio ofisini.

"Bosi, hapana! Unataka kumkalia mkurugenzi?"

"Kwani Duncan amekaa wapi?"

"Duncan ni msaidizi binafsi, ameandikiwa barua. Wewe ni naibu. Mwongozo unasema hata boneti haikaliwi, sembuse ndani! Nimewapigia makao makuu, wamesema mtumishi wa chini hawezi kumkalia mkubwa wake. Ni utovu wa nidhamu."

"Na hao?" Nyakundi alinyoosha kidole. Nyuma walikuwa wamejaa wanawake wa sokoni na vikapu vyao, wamejituliza.

"Hao ni wananchi," Jacinta alisema. "Mkurugenzi ni mtumishi wao. Wananchi wana haki."

Tangu siku hiyo Nyakundi alimfuata mkurugenzi wake kwa bodaboda. Na huwezi kuamini, mambo ya idara yalinyooka. Mkurugenzi mpya hakuitisha mikutano. Hakutuma waraka. Hakuwa na mpwa wa kumtafutia kazi. Aliamka, akawaka, akaenda, akarudi, na dawa za ng'ombe zikafika zingali baridi. Wazee walikuja kumwamkia asubuhi, "Bwakire buya, Omogaka," naye akiwa anangurumisha injini walisema amewajibu vizuri kuliko yule aliyestaafu.

Jumapili ya mwisho wa mwezi ikafika, na Nyakundi alikuwa bado hajapata ulimi wa kuwaeleza wakwe. Walipopiga simu kuuliza, "Mkurugenzi anakuja?" alijibu, "Anakuja," na hilo halikuwa uongo. Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mama Nyanchoka alikuwa Ogembo sokoni kuongeza soda na mkate, Duncan, aliyekuwa akimpeleka mkurugenzi kwenye hema, akamwona na mizigo yake, akasimama, kwa kuwa ni mwananchi. Alimweka kiti cha mbele. Wanawake wa kanisa walipanda nyuma wakiimba.

Kwenye mlima wa mwisho, barabara ya udongo mwekundu ilikuwa imegeuka uji. Bodaboda ya Nyakundi iliishia chini kabisa. Akapanda kwa miguu, suti yake ya kiongozi imekunjwa hadi magotini, na huko katikati akamkuta mkurugenzi wake magurudumu yanazunguka bure. Hakuna kiatu maalumu kinachoshinda matope ya Gusii.

"Naibu! Asante Mungu," Duncan alipaza sauti. "Hebu msukume mkubwa kidogo."

Nyakundi alitazama kushoto na kulia. Kioo cha mlango wa mbele kilishuka, akachungulia Mama Nyanchoka, kitambaa kipya kichwani. Nyakundi akatazama chini upesi.

"Ni wewe, mkwe wangu? Pole na mvua," alisema. "Tulikuwa tunaimba, hatukukuona. Duncan amenieleza njiani mambo yote. Kumbe kazi yako ni hii."

"Ndiyo, mama."

"Sukuma, baba. Watu wanangoja huko juu."

Akasukuma. Matope yalimrukia tai, yakamrukia uso, yakaingia hata mdomoni, lakini akasukuma kwa nguvu zote alizokuwa amezitunza kwa ajili ya cheo. Mkurugenzi alishika njia akapanda bila kungoja mtu. Kutoka juu, kwenye hema, vigelegele vilipasuka, na mtu akaanza kupiga ngoma.

Nyakundi alipofika juu, Omogaka alikuwa ameegeshwa katikati ya uwanja, amevikwa shada la maua, wazee wamemzunguka wakimsifu kwa utulivu wake. Kemuma alimwona mumewe, akajifunika uso kwa leso, na mabega yake yalikuwa yakitetemeka kwa kicheko. Mama Nyanchoka alisimama mbele ya wageni wote.

"Miaka yote hii," alisema, "nilimuuliza huyu mkwe wangu, mkurugenzi mwenyewe tutamwona lini. Mungu ni mwema. Leo sikumwona tu. Leo nimemkalia, tena kutoka Ogembo mpaka hapa."

Watu walicheka mpaka hema likatikisika. Nyakundi, ambaye kwa chinsoni haruhusiwi kumjibu mama mkwe wake, aliinamisha kichwa, akazunguka nyuma ya nyumba kutafuta ndoo ya maji ya kumwoshea bosi.